Kijerumani Baada ya Saa za Kazi

Wanaojifunza Kijerumani hapa Lubumbashi hawakwami mwanzoni. Salamu, namba, siku za juma, kujitambulisha na kuuliza bei, hayo yote mtu huyapata katika miezi michache kwa simu yake, akiwa amekaa uani jioni. Wanakwama baadaye, kitabu cha kwanza kinapokwisha. Katika ngazi sita za lugha ambazo Baraza la Ulaya lilizitoa mwaka 2001, kuanzia A1 hadi C2, mahali panapowashinda wengi ni kati ya A2 na B1: unaelewa maelezo ya mwalimu, unajaza mazoezi bila shida, lakini Mjerumani akifungua mdomo redioni husikii neno moja lililo zima. Hapo ndipo watu wazima wengi ninaowafahamu huanza kutafuta kitabu kingine, kupakua programu nyingine na kujiunga na kikundi kingine cha WhatsApp, na mwaka unaisha wakiwa palepale.

Mimi ni fundi wa pampu, nina familia, na muda wangu wa kusoma ni ule unaobaki baada ya kazi na kabla ya usingizi. Wenzangu tunaokutana Jumamosi kujifunza pamoja wana sababu zao. Muuguzi anajua kwamba ili cheti chake kitambuliwe Ujerumani kwa kawaida ataombwa ngazi ya B2. Kijana aliyesomea madini anautamani mji wa Freiberg, katika jimbo la Saksonia, ambako chuo cha madini kilianzishwa mwaka 1765 na kingali kinafundisha. Mwingine amesikia habari za Chancenkarte, kibali cha kwenda kutafuta kazi kilichoanza Juni 2024, ambacho hutolewa kwa kuhesabu pointi, na Kijerumani ni mojawapo ya vitu vinavyoziongeza. Sababu ni tofauti, lakini ugumu ni uleule, na rai yangu kwa wote ni moja: mtu mzima hainuliwi na wingi wa vifaa vya kujifunzia. Anainuliwa na kazi ndogo inayorudiwa mpaka iingie, na kwa kutumia vile alivyokwisha kuwa navyo kichwani, yaani Kifaransa, Kiswahili na ujuzi wa kazi yake.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndizo zinazodharauliwa kuliko yote. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tuna faida ambayo hatuihesabu. Ile ü ya Kijerumani, inayomhangaisha mtu wa Dar es Salaam, sisi tuliipata darasani zamani katika neno *rue*, na ö haiko mbali na tunavyotamka *feu*. Upungufu wetu uko kwingine. Kiswahili cha mitaani hapa huidondosha h, hata "habari" husikika "abari", na Kifaransa nacho hakiitamki. Kwa hiyo tunaingia katika Kijerumani tukiwa na lugha mbili zinazotuambia kwamba h ni pambo. Katika Kijerumani h inatenganisha maneno: *Haus* ni nyumba na *aus* ni kutoka, *Hund* ni mbwa na *und* ni kiungo "na". Jambo la pili ni urefu wa irabu. *Staat*, yenye a ndefu, ni dola. *Stadt*, yenye a fupi, ni mji. *Miete* ni kodi ya nyumba, *Mitte* ni katikati. Na la tatu ni yale mazoea ya Kiswahili yanayotaka kila neno liishie kwa irabu, hata *Arbeit* ikatoka "arbeiti". Mambo haya hayarekebishwi kwa kusoma maelezo. Yanarekebishwa kwa kuchukua rekodi fupi yenye maandishi na kuisoma kwa sauti nyuma ya msemaji, ukimfuata kwa karibu mpaka pumzi yako ikae pale anapopumua yeye, halafu ujirekodi kwa simu na ujisikilize. Watu wanaona haya kujisikiliza, lakini sijaona njia nyingine inayomfanya mtu aisikie h aliyoiacha.

Kisha kuna jinsia za nomino, zile *der*, *die* na *das* zinazowakatisha tamaa hata watu wenye shahada. Hapa nadhani tunafundishwa vibaya, maana walimu wetu wengi huzieleza kwa kupitia Kifaransa. Kifaransa kina jinsia mbili, na zake mara nyingi hazilingani na za Kijerumani: jua ni la kiume kwa Wafaransa na la kike kwa Wajerumani, mwezi ni kinyume chake, na ufunguo, *la clé*, kwa Wajerumani ni *der Schlüssel*. Anayebeba jinsia za Kifaransa kwenda nazo Ujerumani atakosea nusu ya njia. Afadhali aanzie kwenye Kiswahili sanifu alichofundishwa shule ya msingi. Mswahili hashangazwi na wazo kwamba nomino ina kundi lake, na kwamba kundi hilo linavuta kila kitu kinachoifuata: kiti kikubwa kimoja kimevunjika, mti mkubwa mmoja umevunjika. Hakuna aliyewahi kutuuliza kwa nini kiti kiko katika ngeli ya KI-VI. Tulilipokea neno pamoja na ngeli yake na wingi wake, na kamusi nzuri huliandika hivyo hivyo. Kijerumani kinataka kupokewa vivyo hivyo: usiandike *Stuhl* peke yake katika daftari, andika *der Stuhl, die Stühle*, na ukiitamka itamke yote. (Najua kwamba sokoni sisi wenyewe tunaupunguza upatanisho huo mpaka unabaki kidogo sana. Lakini tunausikia unapokosewa katika mahubiri au katika taarifa ya habari, na sikio hilo ndilo ninalolizungumzia.)

Kifaransa hata hivyo kisitupwe chote. Maneno yanayoishia kwa *-tion* na *-tät* ni ya kike katika Kijerumani kama *-tion* na *-té* zilivyo katika Kifaransa, na hayo ni mamia ya maneno ambayo mtu wa Lubumbashi anayafahamu tayari kwa maana. Yanayoishia kwa *-ung*, *-heit*, *-keit* na *-schaft* ni ya kike pia. Yanayoishia kwa *-chen* si ya kiume wala ya kike. Mtego mmoja tu nitautaja, kwa sababu unawanasa wanaojua Kifaransa vizuri: *garage*, *étage* na *massage* ni za kiume kwa Mfaransa, lakini Mjerumani aliyaazima maneno hayohayo akayafanya ya kike, *die Garage*, *die Etage*, *die Massage*.

Mimi binafsi nilizizoea jinsia tatu katika karakana. Mtambo mmoja unazo zote: *der Motor*, *die Pumpe*, *das Ventil*, yaani mota, pampu na vali. Kila nilipokuwa mbele ya mtambo nilizitaja kwa sauti ya chini, na baadaye niliziingiza katika sentensi: naona mota, *ich sehe den Motor*, naona pampu, *ich sehe die Pumpe*, naona vali, *ich sehe das Ventil*. Aliyefanya hivyo mara kadhaa huona mwenyewe kwamba katika hali ile inayoitwa *Akkusativ*, yaani nomino inapokuwa ndiyo inayotendewa, ni *der* peke yake inayobadilika, na zile jedwali zenye kutisha zinapungua kuwa jambo moja la kukumbuka. Kuhusu viishio vya vivumishi, ushauri wangu ni kuviahirisha. Mtu anayekosea *-en* na *-em* bado anaeleweka. Asiyejua mahali pa kuweka kitenzi haeleweki.

Kitenzi ndicho kinachotutesa kweli. Katika sentensi ya kawaida ya Kijerumani kitenzi hukaa nafasi ya pili. Ukianza kwa "kwamba" au "kwa sababu" kinakimbilia mwisho kabisa: *Ich weiß, dass die Pumpe seit gestern nicht mehr läuft*, najua kwamba tangu jana pampu haifanyi kazi tena. Msikilizaji anapewa pampu, anapewa jana, anapewa hata kanusho, kisha analazimika kusubiri ili ajue pampu imefanya nini. Lugha zetu hazikutuzoeza kusubiri hivyo. Hapa kanuni mtu hujifunza kwa dakika tano, lakini ulimi unahitaji miezi kuizoea. Nilichoona kinafaa ni kushika sentensi nzima chache, zilizo za maisha ya mtu mwenyewe, na kubadilisha kipande kimoja kimoja: najua kwamba mota haifanyi kazi, nadhani kwamba umeme umekatika, siji kwa sababu mtoto anaumwa. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya sekondari, huzisema njiani kutoka Katuba hadi mjini. Abiria wa teksi wamezoea.

Kusikiliza ndiko kunakoleta tofauti kubwa kuliko yote, na ndiko watu wanakofanya ovyo. Wanaweka redio ya Kijerumani inaongea chumbani huku wao wakipika au wakipanga hesabu, wakiamini kwamba masikio yatazoea yenyewe. Masikio yanazoea kweli: yanazoea kutoelewa. Deutsche Welle, ambayo wengi wetu tumeifahamu tangu utotoni kwa matangazo yake ya Kiswahili yaliyoanza mwaka 1963, ina taarifa ya habari inayosomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza, *Langsam gesprochene Nachrichten*, pamoja na maandishi yake yote na rekodi ya mwendo wa kawaida. Inapatikana bure kwenye intaneti. Rekodi yake unaweza kuipakua mara moja na kubaki nayo, jambo lenye maana kwa mtu anayehesabu mega zake. Haimfai anayeanza, kwake ni afadhali mfululizo wa video wa shirika hilohilo uitwao *Nicos Weg*, unaomtoa mtu A1 hadi B1. Lakini kwa aliyekwama pale nilipotaja, hakuna kifaa ninachokithamini zaidi.

Namna ya kuitumia ndiyo muhimu. Kwanza nasikiliza habari za Kiswahili za siku hiyo, ili nijue duniani kumetokea nini. Maana habari kubwa za siku ni zilezile, na anayejua yaliyomo hahitaji kuelewa kila neno ili afuate. Kisha nachagua habari moja tu ya Kijerumani, yenye sentensi nne au tano. Naisikiliza bila kutazama maandishi. Naisikiliza tena nikiandika ninachosikia, neno kwa neno, nikisimamisha na kurudisha nyuma mpaka nishindwe kabisa, na mahali niliposhindwa naacha pengo. Ndipo nafungua maandishi na kulinganisha. Mapengo hayo ni ya aina mbili, na kuyatenganisha ni nusu ya tiba. Kuna pengo la neno nisilolijua, na hilo linaenda kwenye daftari. Kuna pengo la neno ninalolijua vizuri nikiliona, ila sikulisikia kwa sababu lilimezwa na jirani yake. Hilo haliendi popote, linarudiwa kwa sikio mpaka lijitokeze. Mtu wa A2 akifanya zoezi hili hugundua kwamba mapengo yake mengi ni ya aina ya pili, na kwamba vitabu vyote alivyonunua vilikuwa vinatibu aina ya kwanza. Habari hiyohiyo moja nakaa nayo juma zima, na mwisho wa juma naisimulia kwa maneno yangu.

Zoezi hili si ugunduzi wangu. Katika miaka ya 1960 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alikuja hapa Katanga kufanya utafiti, akarekodi mazungumzo ya wafanyakazi katika Kiswahili chetu, kisha akafanya kazi ndefu ya kuyaandika kutoka kwenye kanda. Aliendelea kuyarudia na kuyafikiria maandishi hayo kwa miongo kadhaa. Mjerumani mtu mzima alikiingia Kiswahili cha Katanga kwa mlango wa kusikiliza na kuandika. Sioni kwa nini mlango huo usipitike kutoka upande wetu.

Baada ya habari, chanzo ninachokipendekeza kwa mtu mwenye ufundi ni vitabu vya maelekezo ya mashine. Pampu za KSB zinatoka katika kampuni ya mjini Frankenthal, Ujerumani, mashine za kutobolea za Bosch ziko katika kila duka la vifaa, na mashine za Ulaya mara nyingi huja na kijitabu chenye lugha nyingi, Kijerumani na Kifaransa zikiwa na maelezo yaleyale na michoro ileile. Hicho ni kitabu cha lugha mbili ambacho watu hutupa pamoja na katoni. Fundi anayesoma jinsi ya kukaza bolti anajua tayari kinachosemwa, kwa hiyo nguvu yake yote inabaki kwa lugha. Muuguzi afanye hivyo na vikaratasi vya dawa, mhasibu na ripoti za mwaka za makampuni. Onyo ni moja: Kijerumani cha maelekezo ni kikavu, kimejaa nomino ndefu zilizoshikamana na vitenzi vya amri, na ukikitumia mezani kwa watu utachekesha. Kitakupa msamiati na utulivu wa kusoma, hakitakupa mazungumzo.

Kuhusu programu za simu zinazokupa nyota na kukuhesabia siku, nitasema machache. Ni nzuri kwa foleni ya benki. Hazimlazimishi mtu kutunga sentensi yake mwenyewe, na ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na nyota nyingi na asiweze kusimulia alichofanya jana. Kwa kukumbuka maneno nimerudi kwenye karatasi, kwa kuwa umeme hukatika na simu huzimika. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, akijijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, jinsi tunavyosahau haraka siku za kwanza na polepole baadaye. Na mwaka 1972 Sebastian Leitner alieneza njia ya kisanduku chenye vyumba, ambamo kadi unayoikumbuka husogea mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, na unayoisahau hurudi chumba cha kwanza. Katoni ya viatu inatosha. Kwenye kadi siandiki neno peke yake, naandika sentensi yenye pengo.

Sasa kuongea. Lubumbashi haina Wajerumani wa kukutana nao kila siku, na darasa la mtu mmoja mbele ya kioo lina mwisho wake. Lakini tuna kitu ambacho wao wanakitafuta. Vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Köln vinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wao wanahitaji watu wa kuzungumza nao kama sisi tunavyohitaji. Makubaliano yanayoitwa *Tandem* ni rahisi: nusu ya muda Kijerumani, nusu ya muda Kiswahili, bila malipo kwa yeyote. Hata saa zinatusaidia, maana wakati wa kiangazi chao saa yetu na yao ni moja, na wakati wa baridi wanakuwa nyuma yetu kwa saa moja tu. Utakuta Kiswahili chao ni cha vitabu vya pwani, na watakuuliza kwa nini wewe husemi hivyo. Hiyo nayo ni mada ya kuzungumza.

Muuguzi wetu alipinga wazo hilo mwanzoni. "Papa, na huyo muzungu nitaongea naye nini nusu saa nzima? Nitamaliza salamu, tutabaki tunatazamana."

"Mama, mweleze kazi yako ya jana usiku, tangu ulipoingia zamu mpaka ulipotoka," nilimjibu. "Ukikwama, mwulize yeye neno hilo linasemwaje."

Alifanya hivyo, na sasa ndiye anayetuletea namna za kuongea ambazo hazimo katika vitabu. Siri yake, kama ni siri, ni kwamba kila mara huandaa kisa kimoja kabla ya kupiga simu, akakisema mara mbili peke yake, kisha akamsimulia mwenzake. Na juma linalofuata anamsimulia mtu mwingine kisa hichohicho, safari hii kikiwa kimesahihishwa. Wanaoingia katika mazungumzo bila kitu mkononi huishia kuzungumzia hali ya hewa.

Kuandika hakuhitaji maneno mengi. Andika kifupi, upate wa kukusahihisha, kisha uandike upya maandishi yote, si lile neno lililokosewa tu. Asiye na mtu anaweza kutumia mashine ya kutafsiri, kwa mfano DeepL ya kampuni ya mjini Köln, lakini kwa mpangilio huu: aandike kwanza Kijerumani chake mwenyewe, halafu aipe mashine wazo hilohilo kwa Kifaransa, na alinganishe. Anayeanza na mashine hana cha kulinganisha.

Mwisho kuna mtihani, kwa wanaouhitaji. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani inayotoa mitihani hiyo, iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na tiketi ya ndege ni gharama inayomfanya mtu afikiri mara mbili. Mtihani wa B1 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila moja ina alama 100 na kufaulu ni 60, na sehemu moja inaweza kufanywa peke yake au kurudiwa peke yake. Orodha ya maneno ya ngazi hiyo, inayotolewa bure, ina maneno yapatayo 2,400, na ni vizuri kuipitia ukiweka alama kwenye usiyoyajua badala ya kuisoma kama kamusi. Kuandika kuna kazi tatu ndani ya saa moja: barua pepe kwa rafiki, maoni juu ya jambo fulani, na barua pepe fupi ya heshima. Kuongea hufanywa kwa kawaida na watahiniwa wawili pamoja; wanapanga jambo, kila mmoja anaeleza mada, kisha wanaulizana. Sehemu hiyo ndiyo tunayoifanyia mazoezi Jumamosi, wawili wawili, saa ikiwa mezani na wengine wakinyamaza. Mifano ya mtihani mzima iko kwenye tovuti ya Goethe-Institut, rekodi zake zikiwemo. Sisi tumekubaliana kwamba mtu asikate tiketi kabla hajapata alama 70 katika kila sehemu akiwa hapa hapa, kwa kuwa zile kumi za ziada ndizo zinazoliwa na woga wa siku yenyewe.